Mzee Koki na Kijito Kilichonyamaza

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, marehemu baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Koki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba iliyo hatua arobaini kutoka kijitoni, akajifunza kuogelea humo, ingawa bibi alisema maji aliyoyanywa ni mengi kuliko aliyoyaogelea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, akasomea ufundi bomba miaka miwili, na tarehe 10 Januari 1966 akaajiriwa kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, ambako kila saa kumi jioni alifungua koki kubwa ili maji machafu yatoke, na maji hayo, jamani tusifichane, yalikwenda kijitoni, leo mekundu, kesho ya buluu.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 24 Juni 1972, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, akastaafu mwaka 2003, na kiwanda kikafungwa miaka mitatu baadaye.

Siku moja mjukuu wake mdogo alimuuliza chura analiaje, baba akafungua mdomo amwigizie, akakwama, kwa kuwa hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia, na siku hiyo hakula. Jumapili iliyofuata aliwaita majirani akawaambia waziwazi kwamba mkono uliokiua kijito ni wake, akaapa hafi kabla vyura hawajarudi, kinyozi wa pale kona akaacha kumsalimia mwaka mzima.

Akaanza kuzoa takataka, akapanda matete kwa kamba na pimamaji, yamenyooka kama bomba, mvua ya kwanza ikayabeba yote, mama akacheka hadi akakaa chini, kisha akamwambia, mume wangu, hiki si kiwanda, kiache kijito kijipindie kinavyotaka. Akapanda upya bila kupima chochote, na safari hii kinyozi alikuja mwenyewe na sepetu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019, lakini hakuacha kwenda kijitoni, na jioni ya tarehe 9 Novemba 2021 vyura walilia, baba akalia nao, ila jioni ya tatu, wallahi, alilalamika kwamba hasikii redio. Alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 2022, saa tano asubuhi, akiwa ametosheka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani waliomsamehe, na kinyozi aliyemnyoa hadi siku ya mwisho bila kukubali hata ahsante. Sasa tukielekea makaburini, tafadhali tupite upande wa kulia wa kidaraja, upande wa kushoto kuna viluwiluwi wa vyura kwenye vidimbwi, na marehemu aliagiza wasikanyagwe hata na jeneza lake.

Baba, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.