Kome Niliowapeleka Maabara

Asubuhi ile benchi la nje ya duka la Seniang lilijaa kama kawaida, ila mimi, ambaye nikicheka nasikika hadi kanisani, nilikaa na kikombe changu kimya. Onyo, mume wa Belya, alikuwa na siku ya pili hospitalini, mwili umekufa ganzi, anapumulia mashine. Alikula kome wa nguzo zake mwenyewe za kufugia, hapa hapa mdomoni mwa mto. Na wiki iliyopita tu maabara walitutangazia kome wetu hawana sumu, tule, tuuze. Belya alikaa pembeni na mfuko wa nguo za mgonjwa, anasubiri usafiri.

Redyo, asiyejua kunyamaza, alisema maabara wamechanganya sahani zao. Upara akakataa, akasema ni ile meli inayochota mchanga, imemwaga kitu. Redyo akaruka hatua nyingine: hao hao wa maabara wanamwaga dawa baharini ili wasikose cha kupima.

— Hao humpima kome urefu tu, kama suruali, Redyo, — akasema Upara. — Dawa ya nini?

— Na huo urefu umemsaidia nini Onyo?

Upara akaishia kusema bahari imetuchoka, sasa inatuondoa mmoja mmoja. Belya akainamisha kichwa. Seniang akamwambia Upara anywe kahawa yake.

Ndipo Jovelyn, binti wa maabara, akashuka na daftari lake. Alimpa Belya pole kwanza, akamshika mikono yote miwili. Halafu akatueleza, taratibu, kwamba tangu juzi hajalala. Kome arobaini tuliompelekea aliwapima mmoja mmoja, wote wanalingana kama vidole vya mtu mmoja. Akawapasua, akatoa kile kifuko cheusi cha tumboni ambako sumu hukaa. Visafi vyote.

— Nguzo moja haiwezi kutoa kome wa saizi moja. Aliwachukua nani?

Nikaweka kikombe chini.

— Mimi, mwanangu.

Nikasema yote, Belya akisikia. Kwamba Jovelyn aliniagiza nichanganye, wadogo kwa wakubwa, wa hapa hapa. Lakini wa hapa mwaka huu wamekonda, wamejaa matope. Niliona aibu mgeni apasue vitu kama vile aseme ndio kome wetu. Nikapiga kasia hadi nguzo za kaka yangu, kule nje ya rasi, nikachagua walionona, nikawasugua kwa brashi mpaka wakang'aa. Hata ndimu niliwawekea kwenye ndoo.

Jovelyn hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliangalia ukurasa wake wa namba, kisha akaniangalia mimi.

— Kwa hiyo wa hapa, shangazi, nani aliwapima?

Belya akainuka, akachukua mfuko wa nguo, akaanza kwenda hospitali kwa miguu.