Mwaka wa Hamsini na Saba wa Bi Ghaniya binti Hamdun

Mashekhe zetu, mababa, mama zetu mlioko upande wa ndani, na nyinyi wajukuu ambao Kiswahili hiki mnakisikia nusu nusu, assalamu alaykum. Mimi, mwanawe wa kwanza marehemu, Zakariya bin Hood, nimetakiwa na familia niwasomee maisha ya mama, kwa lugha aliyoitaka mwenyewe, na anayenong'ona kwamba desturi hii si ya hapa Ibra avumilie kidogo, kwani marehemu naye hakuwa mtu wa hapa mpaka alipolazimishwa.

Marehemu Bi Ghaniya binti Hamdun bin Mahrous alizaliwa mwezi wa Machi 1947, mtaa wa Vikokotoni, Unguja mjini, akiwa mtoto wa pekee wa Bi Radhia, akasoma Kurani chuoni kwa jirani, akatiwa skuli ya serikali mwaka 1954, na darasa la nne hakulimaliza, si kwa uzito wa kichwa, maana kichwa alikuwa nacho na ulimi pia, bali kwa safari.

Mwaka 1957 ndio mwaka wake, na asiyeujua mwaka ule hakumjua Bi Ghaniya, kwani sisi wanawe tulihadithiwa mpaka tukaujua kuliko miaka yetu wenyewe. Ramadhani iliingia Aprili pamoja na masika, Idi ikawakuta watoto Mnazi Mmoja kwenye bembea na tope, yeye akaanguka na nguo mpya, mamaake akamvua, akaifua, akaikausha juu ya makaa ya seredani ili jioni aivae tena kwa mashangazi, huku akimgombeza na kucheka. Wanawake walikuwa na siku yao ya sinema, wakitoka na buibui zao kwa makundi, vitumbua vikiuzwa vibarazani asubuhi, na mwezi wa Julai, wiki mbili baada ya Idi Kubwa, ukaja uchaguzi wa kwanza, majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kununiana, hata Bi Radhia akawa anatokea mlango wa uani, asije akaulizwa mumewe amempigia nani kura.

Agosti ya mwaka huohuo Bwana Hamdun alipata habari kwamba mamaake huku Oman, hapa Ibra, yu taabani na anataka kumwona mjukuu kabla ya kufa, akamchukua mtoto wa miaka kumi, kwa ahadi ya kumrudisha msimu ujao, na Bi Radhia akamsuka, akamfungia visheti, akamwambia, "Nenda kamsalimie bibi yako, mwanangu, urudi," basi, na wala hawakulia sana, maana nani anayelilia safari ya msimu mmoja?

Walishuka bandarini Sur mwezi wa Septemba, wakapanda punda kupitia Al Kamil, na wakati ule upande wa Nizwa kulikuwa na vita, ndege zikitupa mabomu milimani, mtu wa kwenda na wa kurudi wote roho mkononi. Februari 1958 Bwana Hamdun alishikwa na homa akafariki hapa Ibra, na bibi aliyeitiwa watu waje kumuaga akapona akaishi miaka kumi na mitatu, lakini ami zake marehemu wakasema mtoto wa kike hasafiri bila ya mahramu, jamaa wa kiume wa karibu, na kila msimu mahramu alikosekana, wakafunga mjadala.

Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, alikuja mtu akasema nyumba ya Vikokotoni imechomwa na hakubaki hata mmoja, bibi akaweka matanga, na tangu hapo kila Shaaban Bi Ghaniya alimsomea mamaake hitima. Nanyi mnaijua desturi yetu, mtu akishaliliwa haulizwi tena, kuuliza ni kama kumpinga Mungu.

Aliolewa Sur siku ya Ijumaa, tarehe 10 Juni 1966, na Bwana Hood bin Asaad, seremala, wakajaaliwa Zakariya mwaka 1968, Zuhair mwaka 1970 na Israa mwaka 1975, wakahamia tena Ibra mwaka 1976, na hapo marehemu akawa mshonaji wa kofia, baadaye akiziuza soko la wanawake la Jumatano, na mteja akilalamika kofia inambana alimwambia akakilaumu kichwa chake.

Novemba 1989 alikwenda harusini Firq, karibu na Nizwa, akajulishwa kwa mwanamke wa Kiunguja aitwaye Bi Jumana, na yule aliposikia jina kamili aliangusha sahani, akasema, "Lahaula! Ghaniya binti Hamdun bin Mahrous? Wewe si tunakurehemu kila mwaka Izki?" Kumbe Bi Radhia hakuuawa, alikimbilia bara, akakaa Tabora, akaingia Oman mwaka 1974 na kaka yake, wakapata makazi Izki, akamuulizia mwanawe kwa mtu wa Sharqiyah, mkoa wetu huu, akajibiwa kwamba nyumba ile ya Ibra imefungwa na wenyewe wamekwisha, kwa kuwa bibi alikuwa ameshafariki na Bi Ghaniya yuko Sur kwa mume. Basi naye akalia, akaweka matanga, akaacha kuuliza, na kila Shaaban mama akamsomea mwana hitima Izki, mwana akamsomea mama hitima Ibra, wote wazima, mwendo wa gari usiofika saa mbili. Jamani! Bi Radhia alifariki mwaka 1986, miaka mitatu kabla ya harusi ile.

Tulimpeleka Izki, kaka wa Bi Radhia naye amekwishakufa, na makaburi yetu, kama mjuavyo, hayaandikwi majina, ni mawe tu, hakupatikana wa kumwonyesha ni lipi, akasimama nje ya ukuta akawasomea Fatiha wote waliolala mle, akarudi, na habari za mwaka wa hamsini na saba hakuzihadithia tena.

Bwana Hood alitangulia mwaka 2009. Mwaka 2021 marehemu alianza kuugua figo, akawa anapelekwa Nizwa kusafishwa damu, na kila gari lilipopita Izki alifungua kioo akawaombea wale wa makaburini, akatuusia kwamba akifa azikwe mle, popote mle. Alifariki Nizwa Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, baada ya alfajiri, na wakubwa wa ukoo wakaamua kwamba mtu huzikwa kwa watu wake, Israa akalia mpaka sauti ikamkauka, neno la wakubwa halikurudi nyuma, gari la maiti likapita Izki halikusimama, akazikwa hapa Ibra alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa waliomstahimili yeye na ulimi wake, majirani waliotupikia tangu juzi, mama wa soko la Jumatano, wafanyakazi wenza wa Zakariya na Zuhair, na Bi Jumana, aliyekuja kutoka Firq kwa mkongojo.

Shaaban ikija, hitima tutawasomea wote wawili pamoja, Bi Radhia na Bi Ghaniya, na mara hii hatutakosea. Lala, mama, Mola akupe amani tuliyoshindwa kukupa.