Mama Barafu na Kipande Kilichokubali Kunakili

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Alisoma shule ya msingi mtaani hapo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1991 akahitimu shahada ya biokemia. Mama alipomuuliza atatibu ugonjwa gani, alijibu, "Sitibu, mama. Nataka kuona uhai unavyojisoma."

Maisha yake yote ya kazi alishughulika na jambo moja: kuwafanya bakteria watengeneze kipande cha kimeng'enya cha binadamu, kile kinachonakili maagizo ya vinasaba ili mwili uyatumie. Watafiti walikihitaji kwa majaribio ya dawa. Kipande hicho huharibika kwa joto, hivyo alishinda katika chumba cha baridi amevaa koti la sufu. Tarehe 14 Agosti 1996 alifunga ndoa na dereva wa lori, ambaye ndiye aliyembandika jina la Mama Barafu. "Usiniguse shingo na mikono hiyo, utaniua kabla ya siku zangu!" shemeji alilalamika, huku akiivuta mikono hiyohiyo na kuifunika kwa yake.

Kwa miaka mingi kipande hakikuonekana. Kila alipowapasua bakteria na mchanganyiko ukatuama, alichunguza maji ya juu na kumwaga mashapo ya chini, mpaka siku moja, kwa hasira tu, akayapima mashapo. Kilikuwamo chote, kimejikunjakunja. Alimpigia mumewe simu akicheka: "Kumbe nilikuwa namfukuza mgeni niliyemwalika mwenyewe!" Ikabaki kukikunjua taratibu, ndani ya baridi, kirudi katika umbo lake. Je, kingenakili?

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliomba jambo moja: alione jibu. Tarehe 2 Juni mwenzake wa maabara aliingia wodini na picha ya matokeo ya jaribio mkononi.

"Dada, kimenakili."

Aliufuata kwa kidole mstari mweusi pichani, alama ya nakala iliyotengenezwa. "Na ndani yangu bado kinanakili," alisema. "Hakina habari kwamba naumwa."

Alifariki alfajiri ya tarehe 5 Juni, mikono yake ndani ya mikono ya mumewe. "Leo nimeshindwa kuipasha joto," shemeji alituambia.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi na sisi wadogo zake watatu. Na ndani ya kila aliyesimama hapa kaburini, bila kutuomba ruhusa, kazi ile ya kunakili aliyoistaajabia inaendelea.

Apumzike kwa amani, na mikono yake ipate joto.