Msimwandikie Wakonyo Pole Kundini

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ni mimi Adhis wenu, na leo sina wimbo wa kuanzia. Leo tunamkumbuka Beth Wakonyo Mathenge, mfumaji wa sweta wa Giakanja, mke wa Mwai, mama wa Kagure. Wakonyo alituacha Jumatano iliyopita. Atazikwa Alhamisi hii, nyumbani kwake Giakanja.

Sasa ngoja. Kabla hujashika simu, ngoja. Najua wewe ni mwanachama wa lile kundi la mtandaoni, Damu ya Mlima. Najua kidole kimeshaanza kuandika "pumzika kwa amani". Tafadhali, weka simu chini. Usimwandikie Wakonyo pole kule kundini. Familia imeniomba niwaeleze sababu, nami nitawaeleza, ingawa nikianza tu hasira inanipanda.

Tuanze na jina. Wakonyo alikuwa binti wa kwanza kwao, na huku kwenu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Yeye alipewa lote, hadi la ubatizo. Boma moja likawa na Beth Wakonyo Mathenge wawili, nyanya na mjukuu. Ukiita mmoja, wanaitika wawili. Mimi ni mtu wa kutoka ziwani, nimekaa Nyeri miaka mingi, na kwa mambo ya majina yenu nilishanyoosha mikono. Mdogo wa marehemu, Wakiuru, aliniambia hivi: "Cucu, nyanya yetu, alikuwa anamwita 'mimi mdogo'. Akitaka chai anasema, mimi mdogo, letea mimi mkubwa chai." Nyanya na mjukuu, jina moja. Likumbukeni hilo, maana balaa lilipitia hapo.

Wakonyo alifuma sweta za shule. Kama ulisoma upande wa Tetu, basi mgongo wako unamjua. Alikuwa na chumba kimoja pale sokoni Giakanja, na mashine ya kufuma iliyopiga kelele kutwa nzima. Alikuwa na mdomo pia, jamani. Mzazi akilalamika kwamba sweta ni kubwa, alimjibu, "Si sweta ni kubwa, ni mtoto hajashiba. Rudi na yeye mwaka ujao."

Alipomzaa Kagure, alipoteza damu nyingi. Hospitali haikuwa na damu ya aina yake. Damu yake ilikuwa O negative, ile adimu. Mwai alitoka mpaka langoni, akavua kofia, akaanza kuwauliza wapita njia damu yao ni ya aina gani. Wengine walidhani amerukwa na akili. Aliyesimama kumsikiliza alikuwa askari wa trafiki, Nehemiah, mtu wa Kakamega. Akavua kofia yake naye, akaingia ndani, akalala kitandani, akatoa. Wakonyo akapona. Tangu siku hiyo, mteja akijaribu kumhadaa, alimwambia, "Mimi niko na damu ya askari. Nakuona."

Lakini ile picha ya mume wake langoni na kofia mkononi haikumtoka. Akasema hakuna mtu mwingine wa mlima huu atakayeomba damu barabarani. Ndipo akafungua Damu ya Mlima. Mgonjwa yuko wapi, anataka damu gani, nani yuko karibu. Basi. Watu walianza kuingia kutoka Nyeri, Karatina, Nanyuki, hadi Kangari kule kwenye majani chai. Wakafika maelfu. Wakonyo alifuma kwa mkono mmoja na simu iko kwa mwingine.

Kosa alilifanya moja, na mwenyewe alilikubali. Alikuwa na admin mwenzake, jamaa fulani, na jamaa huyo akaanza kuwauzia wagonjwa namba za wachangiaji. Wakonyo alimfukuza siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hakumwamini mtu. Alibaki admin peke yake. Wakiuru alimwambia, "Dada, weka hata mimi." Akajibu, "Kwanza nimalize sweta za muhula huu." Mnajua muhula huwa hauishi.

Sasa tuje kwa wenyewe, kampuni yenye mtandao huo. Jina silitaji. Mkubwa wangu amesimama nyuma ya kioo ananitolea macho. Sawa bosi, silitaji.

Kampuni hiyo ilimwalika Wakonyo Nairobi, hoteli ya zulia jekundu, pamoja na viongozi wengine wa makundi. Walikatiwa keki. Walipewa tisheti na kikombe. Wakonyo alipigwa video akicheka, na chini yake wakaandika: "Jamii ndiyo moyo wetu." Kijana mmoja wa pale, mwenye kitambulisho shingoni, alimshika mkono akamwambia, "Mathe, ukipata shida yoyote, sisi tuko hapa." Wakonyo aliamini. Kwa nini asiamini? Kwao mtu akikupa chai na kukushika mkono, mmeshakuwa watu.

Mwaka jana, nyanya akafariki. Beth Wakonyo Mathenge, yule mkubwa, akiwa mkongwe aliyeshiba siku. Nyanya hakupenda kupigwa picha hata kidogo, kwa hiyo bango la tanzia likatoka na jina lake na mshumaa tu. Likatumwa kila mahali. Likafika kundini. Na wanachama, kwa mapenzi kabisa, wakaandika. "Pumzika kwa amani Beth Wakonyo." "Buriani Wakonyo." Mamia kwa mamia. Wengine walijua ni nyanya. Wengine hawakujua, wakalia. Na mmoja mwenye moyo mzuri, Mungu amsamehe, akalipeleka bango kwa kampuni.

Wasikilizaji wapendwa, mashine ya kampuni ilisoma jina, ikasoma pole, ikaamua. Wakonyo amekufa. Akaunti yake ikawekewa maneno "Tunamkumbuka". Na kundi, kwa kuwa admin wake pekee ni marehemu, likafungwa. Ungeweza kusoma ya zamani, lakini usingeweza kuandika kitu. Wakonyo alikuwa jikoni matangani, anawapimia waombolezaji sukari, simu ikamtoa nje ya akaunti yake.

Alicheka. Wakiuru anasema alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Ati nimekufa! Na nani anapika hii chai?" Akawaandikia. Mimi ndiye Beth, niko hai, aliyefariki ni nyanya yangu. Jibu likaja papo hapo: "Pole sana kwa kumpoteza mpendwa wako."

Akaandika tena. "Pole sana kwa kumpoteza mpendwa wako." Akapiga picha ameshika kitambulisho chake cha taifa karibu na shavu. Wakamwambia hati hiyo ni ya mtu aliyefariki, na si vizuri kutumia hati za marehemu. Akaandika kwa anwani ya barua pepe aliyopewa na yule kijana wa hotelini. Barua ikarudi, anwani haitumiki. Akafungua akaunti mpya aanzishe kundi upya. Hiyo nayo ikafungwa, kwa sababu, nisikilizeni vizuri, anajifanya mtu aliyekufa.

Haki ya Mungu! Ni kumpigia mbuzi gitaa. Tena mbuzi afadhali, mbuzi atakuangalia.

Na wakati wote huo ile video iliendelea. Ukifungua simu, Wakonyo huyo hapo, amevaa tisheti yao, anacheka, "Jamii ndiyo moyo wetu." Kwa matangazo yao alikuwa hai. Kwa kundi lake alikuwa amekufa. Siku moja alikuja hapa studioni kuniletea sweta ya mwanangu, akanionyesha. Hakuwa anacheka tena. Akaniambia, "Adhis, hawa watu walinipa kikombe. Mimi sikuwa nataka kikombe. Nilikuwa nataka mtu ashike simu."

Kazi haikusimama, ila iligeuka mateso. Gaudencia, nesi wa Nanyuki, alikuwa akimpigia Wakonyo simu moja kwa moja. Wakonyo anazima mashine, anaanza kuwapigia wachangiaji mmoja mmoja, anaowakumbuka. Huyu amehama. Huyu simu imezimwa. Huyu ametoa mwezi huu. Mara nyingi alipata. Kuna kijana wa Kangari, mchuma chai, huyo Wakonyo hakumpatia mtu wa kutoa damu. Yule kijana alifariki. Siwezi kukaa hapa niseme aliuawa na mtandao, ugonjwa wake ulikuwa mkubwa, na Gaudencia mwenyewe amenikataza kusema hivyo. Lakini Wakonyo alienda kumzika. Na aliporudi, Mwai anasema, hakugusa mashine siku nzima. Alikaa na simu akiwaandikia tena. Niko hai. Tafadhali. Niko hai.

Jumatano iliyopita, asubuhi, alianguka jikoni. Ni moyo, daktari amesema. Mwai alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari la jirani, lakini hakufika hospitali. Wakonyo wetu akaenda.

Jumamosi nilienda Giakanja kutoa pole. Nilikuta kamati ya mazishi imekaa, lakini Mwai hakuwa nao. Alikuwa nyuma, karibu na zizi, amesimama tu. Wakiuru akanieleza. Ijumaa jioni, wakiwa katikati ya maombi, simu ya Wakonyo ililia. Wakiuru ndiye aliyekuwa nayo. Akaisoma, akampa Mwai. Kampuni imeandika: "Habari njema, Beth! Tumethibitisha kwamba uko hai. Samahani kwa usumbufu. Karibu tena."

Nikamfuata Mwai kule zizini.

Mwai aliniambia, "Nilikuwa naenda kutupa hiyo simu kwa choo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni." Kilichomzuia ni kwamba simu ililia tena mkononi. Kundi lilikuwa limefunguka. Na Gaudencia, ambaye hakuwa amepata habari ya msiba, alikuwa ameliona limefunguka akaandika mbio: Nanyuki, mama amejifungua, anavuja damu, O negative. Mwai akasimama pale mlangoni akisoma. Damu ile ile. Mama aliyetoka kujifungua, kama mke wake siku ile. Kisha majibu yakaanza kuingia. Mtu wa Naro Moru akaandika, "Niko kwa pikipiki, nakuja." Mwingine wa Nanyuki mjini, "Niko langoni tayari." Langoni, wasikilizaji. Mwai alirudi kwenye maombi na simu mfukoni. Yule mama wa Nanyuki yuko hai, na mtoto wake ni msichana.

Sasa mmeelewa? Wakiuru ameomba awekwe admin wa pili. Kampuni imejibu kwamba akaunti iliyotoka kufunguliwa haiwezi kuongeza mtu mpaka wao wachunguze. Watachunguza lini? Hawasemi. Mpaka hapo, kundi zima limeshikiliwa na jina la Wakonyo. Mkiandika pole kule, mashine itasoma, itafunga, na safari hii hakuna Wakonyo wa kuwabishia. Ndiyo maana bango la mazishi limeandikwa "Mama Kagure" peke yake. Ndiyo maana tunamkumbuka hapa redioni, kwa mdomo. Na wewe unayerekodi kipindi, usikipeleke huko, nakuomba.

Najua kuna atakayesema, Adhis, unawafundisha watu kuidanganya kampuni. Mimi? Waliambiwa ukweli wakaukataa kwa miezi. Huyo mwanamke aliwaambia niko hai mpaka akafa. Kama wanasikiliza kipindi hiki, basi watakuwa wamesikiliza mlima huu kwa mara ya kwanza, na simu ya studio wanaijua. Wapige. Wampe Wakiuru ruhusa. Na ile video waitoe.

Na wewe mwenye kundi, la chama, la kanisa, la wafugaji, jiulize leo ukianguka jikoni ni nani atashika. Weka mtu wa pili. Usingoje muhula uishe.

Kwako Mwai, kwako Kagure uliyebaki bila mama, kwako Wakiuru, na kwa boma zima la Mathenge lililofiwa na Wakonyo wawili kabla miezi kumi na miwili haijaisha, sisi wa hapa studioni tunasema poleni sana. Tunaumia pamoja nanyi. Nehemiah, afande, najua unasikiliza. Damu yako ilimlea Kagure. Asante.

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi njooni Giakanja kwa wingi, mlie mnavyotaka. Kwingine watu huomba dakika moja ya ukimya. Sisi tunaomba ukimya wa kundi moja tu. Nilimuuliza Mwai nimalizie na neno gani, akafikiri, akavaa kofia yake, akasema, "Waambie pole waniletee mimi. Yeye wamwache, ako kazini."