Ngoja-Kwanza na Ufunguo wa Mfereji

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, mkuu wa kitengo chetu cha utenganishaji atastaafu, baada ya kutuudhi kwa miaka thelathini na minne mfululizo. Wenzangu wameniomba niandike maneno matamu. Nitajitahidi, lakini nimekuwa kiongozi wa zamu chini yake muda mrefu mno, na shingo bado inaniuma kwa kutikisa kichwa.

Kwa ndugu zetu wa uhasibu wasiowahi kukanyaga kwetu: jiwe linayeyushwa kwa asidi, kisha maji yake yanakorogwa na mafuta yenye ligandi, yaani molekuli za kikaboni zinazong'ang'ania metali fulani na kuziacha nyingine. Ligandi ya kwanza hukamata thoriamu, ile yenye mionzi, na kupanda nayo juu kwenye mafuta. Ya pili hukamata madini adimu tunayouza. Maji yanayobaki hupimwa, husafishwa na kumwagwa mferejini. Kila tukikoroga, lazima tusubiri mafuta na maji yaachane. Hapo kwenye kusubiri ndipo mzee huyu alipojenga makao.

Sisi tukiona mstari umenyooka kwenye kioo cha tangi, tunataka kufungua. Yeye atachutama, atavua miwani, ataipangusa kwa ncha ya koti, atachutama tena. Halafu atasema, ngoja kwanza. Jina likamganda. Hata mkewe, tulipompigia simu siku moja ya mapumziko, alituuliza kama tunamtaka Ngoja-Kwanza. Ufunguo wa bomba la mferejini aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akaenda nao kantini, akaenda nao msalani, nasi tukimsubiri mlangoni.

Tuseme ukweli, ligandi tunayotumia leo ni yeye aliyeitafuta, baada ya ile ya zamani kuchakaa kwa mionzi kila mara. Mafundi wote wa zamu zote amewafundisha yeye, na wote amewachosha.

Ila kisa cha wageni ndicho kilichonizeesha. Wageni walikuwa wanakuja kututembelea, meneja akataka matangi yang'ae, basi yakasuguliwa kwa sabuni ya vyombo. Anayeijua kazi yetu ameshashika kichwa: sabuni kidogo tu, na mafuta na maji hayaachani tena. Asubuhi tangi la mwisho lilikuwa jeupe kama maziwa. Adhuhuri maji ya chini yakaonekana safi, tukayapima mara mbili, shwari. Bila kulimwaga tangi hilo mzigo usingekamilika, na lori la mteja lilikuwa linanguruma getini. Nikamwomba ufunguo, akakataa. Meneja akashuka mwenyewe, akafoka mpaka mishipa ikamtoka, akatishia kumsimamisha kazi. Mzee akachutama mbele ya kioo akasema ngoja kwanza. Jamani! Nilitamani kuikata ile kamba kwa meno.

Akachota sampuli kwenye utando mwembamba wa katikati, mahali ambapo hakuna aliyezoea kupima. Kipima mionzi kikalia mpaka mfagiaji akatoka mbio. Sabuni ilikuwa imenasa matone ya mafuta ya ligandi ya kwanza pamoja na thoriamu yake, na tungefungua bomba yangeshuka yote. Mfereji ule unapita nyuma ya nyumba ya mama yangu, anapochota maji ya kumwagilia nyanya. Mzee alijua, maana nyanya hizo nilikuwa nikimletea kazini. Na kinachoniudhi hadi leo, hakusema hata mara moja kwamba alituonya. Alienda zake kunywa chai, na ufunguo wake, akatuacha tunatazamana.

Wiki iliyopita aliivua kamba akanivisha mimi mbele ya watu wote, bila hata kuniuliza. Mimi, niliyelalamika kuliko wote! Nilipotaka kujua kwa nini, alinijibu kwa kifupi kwamba mama yangu yuko mwisho wa mfereji. Juzi meneja akaja mbio, anataka tangi limwagwe. Nikachutama, magoti yakalia. Akafoka weee. Tangi lilifunguliwa jioni.

Asante, mzee wetu, kwa yote, hata kwa yale yaliyotutoa jasho. Tunakutakia mapumziko marefu na afya tele, na shemeji tunampa pole, maana sasa utashinda nyumbani. Kamba yako inawasha shingo, nakwambia. Mama anakusalimu. Anasema nyanya zimeiva, uje uchukue.