Dada Yetu, Aliyeotesha Magnolia kwa Mbegu

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1968 msumeno ulimkata baba vidole vitatu, na shule ikaishia hapo.

Mwaka 1973 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche cha manispaa, akadumu huko hadi alipostaafu 2009. Wenzake walipendelea miche ya kuunganisha, iliyopachikwa vikonyo vya mti mkubwa, maana magnolia, mti wa maua makubwa meupe, ukioteshwa kwa mbegu huweza kukaa miaka kumi na mitano bila ua. Yeye alishikilia mbegu: aliziloweka, akazimenya ngozi nyekundu, akazifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya friji miezi mitatu.

Tarehe 2 Desemba 1978 aliolewa na shemeji yetu, mpaka rangi. Siku moja shemeji alikuta kopo kwenye friji, akaosha vilivyomo, akabandika. Baada ya saa mbili akaita, “Mke wangu, maharage gani haya hayataki kuiva?” Dada alicheka mpaka akakaa chini, ingawa mbegu za mwaka mzima zilikuwa zimeishia sufuriani.

Mwaka 1996 kitindamimba wao alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka tisa. Dada alipanda mbegu arobaini. Zikaota tatu, ukapona mche mmoja, akaupanda kaburini kwa mwanawe. Mwaka 2011, ulipotoa tumba la kwanza, barabara ikapanuliwa. Kaburi lilihamishwa; mti ukakatwa. Nilikuwepo. Alimwambia mkataji, “Mwanangu, ngoja hata wiki moja.”

“Mama, mimi nimetumwa tu.”

Aliliokota lile tumba, akaliweka kwenye glasi ya maji. Likanyauka bila kufunguka. Akiwa na miaka hamsini na saba, akaanza upya na mbegu.

Mwaka 2019 kisukari kilimpofusha, kisha kikashika figo. Alikuwa akiupapasa uani ule mti aliouotesha upya na kumuuliza binti yake, “Kuna tumba?”

“Bado, mama.”

Binti anasema mara nyingi alitaka kumdanganya, ulimi ukagoma. Dada alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, nami mdogo wake.

Dada, umechoka. Mungu akulaze pema.