Saa Kumi ya Jumatano Ina Mwenyewe

Ifikapo tarehe thelathini Juni, mwalimu ambaye shule nzima inamwita Bi Karibu atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, baada ya kufundisha Kiingereza hapa kwa miaka ishirini na sita. Alifika ugenini na sanduku moja, koti jepesi lisilojua baridi, na mkataba wa mwaka mmoja. Kaka yake alimwambia huo mwaka utapita kama mchezo. Umepita kweli, ila ulikuja na ndugu zake ishirini na watano.

Mkuu wa shule alipendekeza wasifu huu uandikwe kwa Kiingereza ili wafanyakazi wote wausome. Bi Karibu akakataa katakata. Alisema Kiingereza kwake ni kazi, na mtu hapewi kazi siku ya kuagwa. Basi ukurasa huu umeandikwa kwa Kiswahili, lugha anayochekea na kugombea, na sisi tuliotoka kwao tutawatafsiria wenzetu pole pole. Mimi ninayeandika nimekaa naye meza moja kwa muda wa kutosha kutofautisha kikohozi chake cha mafua na kikohozi chake cha kuficha jambo.

Alianza na darasa la wasiojua hata kusema asubuhi njema, akaliongoza mpaka likawa idara. Amewafundisha wapishi wa hoteli, madereva wa teksi, mapadri wawili waliokuwa hawasalimiani, na jaji mmoja aliyeweza kumfunga mtu miaka kumi lakini akatetemeka alipoitwa mbele ya ubao. Walimu wapya karibu wote wamepitia mikononi mwake. Anayetaka kujua kama amefundwa naye ajitazame: akiingia darasani anafungua dirisha kwanza kabla ya kufungua kitabu, huyo ni wake.

Lakini tukisema kweli, sifa yake kubwa haiko kwenye kufundisha. Iko kwenye ratiba.

Shule ya lugha haina asubuhi wala jioni. Mteja akiota usiku kwamba anataka kujifunza alfajiri, kukicha ndoto hiyo inatua mezani kwa Mpanga Ratiba. Yeye huchukua kalamu yake ya bluu, akaiandika ndoto hiyo kwenye ule ubao mweupe wa ukumbini, na kutoka hapo inamwangukia mwalimu kichwani. Na sisi walimu wageni ndio tulioangukiwa zaidi. Ilidhaniwa kwamba mtu aliye mbali na kwao hana shangazi wa kumtembelea, hana nguo za kufua, wala mguu wake hauumi. Wengine tulikuwa na njia mbili tu: kukubali huku tukinung'unika, au kukataa na kununa wiki nzima. Zote mbili zilituletea vidonda vya tumbo.

Bi Karibu alivumbua ya tatu. Hakuwahi kukataa. Akipewa saa isiyo na kichwa wala miguu, alitabasamu akasema hakuna shida, ila aliyeitaka saa hiyo aje kulifungua darasa mwenyewe. Si kukata utepe na kuondoka. Akae dawati la mbele, na kitabu na kalamu, mpaka kipindi kiishe. Karibu, alikuwa akisema, karibu ufungue. Jina likamganda.

Mkurugenzi mmoja wa bima aliamua wafanyakazi wake wafundishwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, ili wasimlie muda wake. Bi Karibu akamkaribisha kwa heshima zote. Mkurugenzi akafika, tai shingoni, nywele bado na alama ya mto. Akapewa sentensi ya kwanza aisome, akasoma na kupiga miayo katikati. Mwisho wa kipindi alipewa kazi ya nyumbani kama wengine, na kesho yake ikasahihishwa mbele ya karani wake. Haikupita muda akagundua, kwa akili yake mwenyewe bila kushauriwa na yeyote, kwamba saa saba mchana ubongo wa binadamu hushika Kiingereza vizuri zaidi.

Kisha yalimpata Mpanga Ratiba. Alikuwa amempangia Bi Karibu vipindi viwili mfululizo, kimoja hapa na kingine kwenye tawi letu la ng'ambo ya mto, kana kwamba kati ya hapa na huko kuna mlango tu. Bi Karibu hakuteta. Alimkabidhi kasha la vitabu na kumwomba amsindikize. Walivuka daraja, wakapanda ile mitaa yenye ngazi, kasha likihama bega hili kwenda bega lile, na walipofika tawini wanafunzi walikuwa wameshachoka kusubiri na kwenda zao. Mpanga Ratiba aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akafuta jasho kwa kitambaa kilekile anachofutia ubao, akabaki na uso wa bluu. Bi Karibu akamnunulia chai. Tangu siku hiyo ni marafiki, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyepangiwa kuruka mto.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kukwepa kazi. Wauguzi wa hospitali ya jirani walipoomba wasome jioni, wakitoka zamu, aliwapa jioni zake kwa furaha na hakumwambia mtu aje kufungua chochote. Mmoja alisinzia darasani kila siku, naye alimfunika kwa lile koti lake jepesi na kushusha sauti. Tulipomuuliza mbona hawa hajawabana, alisema kuna saa ya mwenye haja na saa ya mwenye haraka, na mwalimu lazima azijue.

Ila kulikuwa na saa moja ambayo hakumpa mwenye haja wala mwenye haraka. Jumatano, saa kumi alasiri.

Hapa inabidi nimlete mama yake. Binti alipokuwa akiondoka nyumbani, Mama hakulia wala hakumzuia. Alimwambia dunia itamchukua siku zake zote, basi amwachie yeye saa moja tu kila wiki. Wakakubaliana kila Jumatano saa kumi binti apige simu. Zama hizo simu ya karibu ilikuwa dukani, barabara ya pili kutoka kwao. Mama alikuwa anaoga, anavaa nguo zake za kutokea, anakwenda kukaa kwenye benchi la duka mapema, na kila anayepita humwambia anasubiri mwanawe wa mbali.

Katika mwaka wake wa kwanza, Jumatano moja, Bi Karibu aliamriwa kushika darasa la dharura la watalii waliotaka maneno mawili matatu kabla ya kupanda ndege. Alikuwa mgeni, akaogopa, akaingia. Mama alikaa benchini mpaka mwenye duka akaanza kushusha milango. Majirani walipita wakienda na wakapita wakirudi. Wapo waliomwambia, eti kwa kumfariji, kwamba watoto wakishavuka mpaka husahau. Alirudi nyumbani na nguo zake za kutokea, akala kidogo, akalala. Bi Karibu hakuyasikia hayo kwa Mama. Wiki iliyofuata Mama alisema tu huenda waya ulikatika mahali. Ni kaka yake aliyemweleza yote, tena kwa ukali.

Alinisimulia habari hiyo mara moja, nasi tukisahihisha mitihani, na machozi yakadondokea karatasi ya mwanafunzi aliyekuwa amefeli. Tulimwongezea alama mbili za kumpa pole.

Kuanzia hapo, Jumatano saa kumi alikuwa ndani ya kile chumba kidogo cha simu kando ya stoo ya vitabu, mlango umefungwa. Shule ilitikisika, yeye hakutoka. Hata simu za mkononi zilipokuja na Mama akapata yake, aliendelea kuingia chumbani mule, na Mama, tunavyosikia, aliendelea kuvaa na kwenda kukaa benchini.

Mtihani mkubwa ulikuja na kampuni moja ya usafirishaji. Walitaka Bi Karibu na si mwingine, na walitaka Jumatano saa kumi na si nyingine. Ni mteja wa kuijaza shule. Safari hii Mkuu hakutumia ubao. Alikuja mwenyewe chumba cha walimu, akavuta kiti, na wote tukaacha kuandika. Ulikuwa mwezi wa kusaini mikataba upya, na mwalimu mgeni asiyesainiwa hufunga sanduku. Mkuu hakulitaja hilo. Hakuwa na haja ya kulitaja.

Bi Karibu alisema hakuna shida. Ila saa hiyo, akaongeza, si yangu. Ina mwenyewe. Karibu uje umwombe.

Jumatano ikafika. Alimwongoza Mkuu hadi chumba cha simu, akamkalisha kwenye kigoda katikati ya makasha ya kamusi kuukuu, mlango akauacha wazi, akapiga. Sisi wengine ghafla tulikumbuka kwamba tuna vitabu vya kutafuta stoo.

Alimwambia Mama kwamba Mkuu wa shule yuko hapa, ana neno. Kabla Mkuu hajafungua kinywa, Mama alilianza lake. Simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, tukasikia kila kitu. "Mwambie huyo Mkuu wako nimemshukuru. Niliambiwa huko wanakoishi hata dakika inauzwa. Lakini yeye ameniachia saa yangu, kila wiki, miaka yote hii. Si kila bosi ana moyo huo. Namwombea yeye na wanawe." Kisha akauliza: "Na hapo alipo, amekula?"

Bi Karibu alitafsiri neno kwa neno, bila chumvi wala sukari. Mkuu alijibu kwamba amekula. Mama akasema hiyo sauti ni ya mtu ambaye hajala.

Mkuu alikuwa amekuja kuichukua saa, na sasa anashukuriwa kwa kuitoa. Alikohoa, akanyoosha tai, akasema anamsalimu sana Mama na kwamba binti yake anafanya kazi vizuri. Akatoka. Alipita kati yetu na vitabu vyetu vya kisingizio, akaenda moja kwa moja kwa Mpanga Ratiba na kumwagiza lile pengo la Jumatano saa kumi liachwe tupu kwa walimu wote, na asilijaze hata mfalme akiomba. Kampuni ya usafirishaji ilinung'unika, kisha ikachukua Jumatatu. Mkataba wa Bi Karibu ulisainiwa siku hiyohiyo, tena kwa miaka mitatu.

Niliwahi kumuuliza kama alijua Mama atasema nini. Alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

Sasa sikieni kituko cha mwisho, ambacho kisingetokea kwenye shule nyingine yoyote. Mpanga Ratiba alipotakiwa kutafuta muda wa sherehe hii ya kuaga, muda ambao hakuna mwalimu mwenye kipindi, aliutazama ubao wake juu chini na kuona pengo moja tu jeupe katika wiki nzima. Akafurahi, akaandika kwa bluu, akasambaza mialiko. Amelilinda pengo hilo kwa miaka mpaka akasahau analilinda kwa ajili ya nani. Aliyegundua ni Bi Karibu mwenyewe, akiwa ameshika kadi ya mwaliko wa sherehe yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mpanga Ratiba alipomkimbilia kuomba radhi, alimwambia hakuna shida, ila karibu tumwombe mwenyewe.

Mama ameombwa. Amekubali, kwa masharti mawili. La kwanza, wageni wote wawe wamekula. La pili, kwa kuwa saa ni yake, sherehe ataifungua yeye. Kwa hiyo Jumatano tunawaomba muwe mmeketi ukumbini kabla ya saa kumi. Simu itapigwa kwa wakati.

Lakini Mama aliuliza pia swali, sote tukisikia. Aliuliza, mwanangu akirudi nyumbani, Jumatano nani atanipigia?

Miaka ishirini na sita amemsubiri arudi, na sasa anarudi, lakini lile benchi na ile simu vimekuwa sehemu ya mwili wake. Bi Karibu akalitafsiri swali neno kwa neno. Aliyejibu ni Mkuu. Alisema atapiga yeye. Mpanga Ratiba akasema wiki nyingine atapiga yeye. Sasa tuna zamu, na pengo la Jumatano litabaki jeupe kama lilivyo.

Tatizo ni kwamba Mkuu hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Ndiyo maana mwezi huu alimfuata Bi Karibu akaomba afundishwe, na kwa vile mchana ana vikao, akaomba iwe saa kumi na mbili asubuhi. Bi Karibu alitabasamu. Kisha akamwambia karibu ufungue. Tangu hapo kila alfajiri Mkuu yuko dawati la mbele, nywele zake zikiwa na alama ya mto, akijifunza kumwamkia Mama na kumhakikishia kwamba amekula.

Bi Karibu, asante kwa madirisha uliyotufungulia, kwa walimu uliowalea, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kulinda saa yake bila kumkosea mtu adabu. Rudi salama, ukawe na siku nyingi zisizo na kalamu ya bluu. Ukifika, kaa na Mama kwenye benchi, na wewe uvae nguo zako za kutokea. Jumatano simu ikilia, usiikimbilie. Mwache Mama apokee.